Kwa Nini Nimechukua .44 Magnum na Siyo .30-30: Jibu kwa Mnaoniuliza Bunduki Gani

Assalaam aleikum ndugu zangu, habari za saa hizi. Mwenzenu niko nyumbani Tanga, nimekaa uani kwa mama hapa Ngamiani, kwa hiyo mkisikia majogoo na bodaboda mnivumilie. Video ya leo sikuipanga. Nilitaka niwapeleke Raskazone, kisha tuone samaki pale Deep Sea wanauzwaje msimu huu. Lakini tangu niweke ile video ya kuwinda msituni Ohio, jimbo la Marekani ninakokaa, kila nikifungua maoni ni swali hilohilo: dada, ile bunduki ya kusukuma mkono chini ni bunduki gani, na mimi nichukue ipi?

Wanaouliza ni wa namna mbili. Kuna wenzetu wa kulekule, Columbus na Cincinnati, wanaotaka kuanza kuwinda. Na kuna watu wa hapa, Muheza, Handeni, Pangani, ambao nguruwe wamewamalizia mihogo. Nitawajibu wote, ila majibu yenu hayafanani.

Najua yatakayoandikwa chini hapo. Kuna watakaosema naringa, nina hela ya bunduki na ndugu zangu wana shida. Na kuna watakaosema nalalamika, kama Marekani kugumu nirudi. Sasa nisikilizeni. Michango ya harusi na misiba ya ukoo huu natoa, mama yangu yuko hapa ndani anasikia. Kuna mtu wa karibu kabisa alimpigia mama simu akamwambia, "Mwanao ananunua silaha huko, muulize pesa anatoa wapi." Liliniuma. Pesa natoa kwenye kufua mashuka ya hospitali zamu ya usiku, na bunduki ile niliilipia kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sina la kuficha hapo.

Na nawinda kwa sababu ya nyama. Ninapokaa mimi, bucha la halali liko mbali na bei yake haishikiki. Kulungu wa kule, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ukimpata mmoja mkubwa watoto wanakula mpaka Ramadhani inakaribia. Nikifyatua nataja jina la Mwenyezi Mungu, nikimkuta bado yu hai namchinja. Mambo ya fiqhi muulize sheikh wako, mie namfuata wangu.

Haya, bunduki yenyewe. Ya leva ni ile ambayo chini ya kifyatulio ina kitanzi cha chuma, vidole vyako vinaingia humo. Ukikisukuma chini, ganda lililotumika linaruka nje. Ukikirudisha, risasi mpya inapanda inaingia chemba, yaani chumba cha kufyatulia. Risasi zimelala ndani ya bomba chini ya mtutu, zimefuatana, ncha ya hii imegusa kitako cha ile iliyo mbele yake, palepale kwenye fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Hapo nataka mnielewe vizuri, maana ni jambo la usalama. Ukijaza risasi zenye ncha kali humo, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo ile ncha inaweza kugonga fataki ya mwenzake, ikalipuka ndani ya bomba mkono wako ukiwa hapohapo. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi zina ncha bapa au butu. Kuna za kampuni ya Hornady zenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, hizo zimetengenezwa kwa ajili ya bomba. Na kuna za leva zenye magazini ya kawaida badala ya bomba, kama Browning BLR, hizo zinakubali ncha kali. Kwa hiyo dukani usisome namba tu kwenye boksi, tazama na ncha.

Sasa kaliba, yaani aina ya risasi kwa unene wake. Mzee yeyote wa Kimarekani ukimuuliza atakwambia chukua .30-30, na ana haki. Ilitoka mwaka 1895 kwa ajili ya Winchester 1894, bunduki ya leva aliyoibuni John Browning, na za aina hiyo zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 7. Risasi ya greni 150, yaani kama gramu 9.7, inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 730 hivi kwa sekunde. Haipigi bega sana, na mpaka mita 150 inafanya kazi yake. Marlin 336, iliyoanza mwaka 1948, nayo nyingi ni hiyohiyo .30-30, na zilizotumika zipo nyingi.

Tatizo ni kwamba mimi nakaa Ohio, na Ohio kulungu hapigwi kwa .30-30. Hili ndilo linalonifanya niogope nikiona watu wanashauriana kwenye simu bila kuulizana unakaa jimbo gani. Ohio waliruhusu raifo, yaani bunduki zenye mtutu wa mifereji ndani, kwa kulungu mwaka 2014. Kabla ya hapo kwa msimu wa bunduki watu walitegemea zaidi shotgani. Na sharti lao ni hili: ganda la risasi liwe limenyooka toka kitako mpaka mdomo, na kaliba iwe kati ya .357 na .50. Ganda la .30-30 lina shingo, limebanwa kwa juu, basi limetoka. Risasi za maganda yaliyonyooka kwa kawaida ni nene na zinachoka mapema, haziendi mbali kama zile za shingo, na sehemu nyingi za Ohio ni tambarare, mashamba na nyumba za watu zimechanganyika. Ukivuka mpaka kwenda Pennsylvania habari ni nyingine kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza kaliba gani, mimi nami nakuuliza: unawinda jimbo gani? Kasome kitabu cha kanuni za jimbo lako cha mwaka huu. Cha mwaka jana usikitegemee.

Kwa Ohio basi, kwa bunduki ya leva, mimi nilibakiwa na tatu za kufikiria. Ya kwanza .357 Magnum, ya tangu mwaka 1935, mpole sana begani, risasi zake rahisi kidogo, lakini kwa kulungu naiona ni ya karibu mno, na inamtaka mtu mwenye shabaha ya uhakika. Ya pili .45-70. Hii jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1873, na risasi yake ina greni 300 mpaka 405 na zaidi, gramu 19 mpaka 26 za risasi tupu. Wanaume wanaipenda. Niliijaribu kwenye uwanja wa shabaha, ya mtu, na bega langu likanijibu. Sisemi ni mbaya, ukienda kwa dubu huko Alaska pengine utaishukuru. Lakini mimi ni mtu wa kilo hamsini na kitu, na kulungu nimpigaye hana haja ya mzigo ule. Halafu risasi moja ya .45-70 ni zaidi ya dola 2, kama shilingi elfu tano hivi. Ukiwa nayo utaogopa kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi anajeruhi mnyama akakimbia nalo jeraha usiku kucha. Hiyo mimi dhamiri yangu haikubali.

Nikachukua .44 Magnum. Imekuja mwaka 1955 kama risasi ya bastola, lakini ukiiweka kwenye mtutu mrefu wa leva inaongezeka nguvu: ya greni 240 inatoka kwa mita 530 hivi kwa sekunde. Mpaka mita 100 naiamini. Na pale ninapokaa mimi msituni, miti imesongamana, hata nikitaka kumwona mnyama wa mita 100 simwoni. Mtu anayekaa pembeni ya shamba la soya lililofyekwa, anaona mita 200, huyo pengine .45-70 au kitu kingine kitamfaa kuliko mimi. Ya kwangu ni ya kwangu.

Jingine, msilipe pesa ya ziada eti bomba linabeba risasi 10. Ohio ukiwa kwenye kulungu, chemba na bomba kwa pamoja zisizidi risasi 3. Tatu tu.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo roho yangu ilipochoka. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza Fomu 4473. Kisha anakupeleka kwenye ukaguzi wa FBI, mfumo wanaouita NICS, ulianza Novemba 1998. Kwa Mmarekani aliyezaliwa pale, mara nyingi ni dakika chache. Kwetu sisi wenye grinikadi, kibali cha kukaa kudumu, kuna namba ya mgeni ya kuandika, na kitambulisho chako lazima kiwe na anwani unayokaa sasa. Mimi kitambulisho kilikuwa na anwani sahihi, lakini jina la babu limekatwa herufi za mwisho kwa sababu nafasi haikutosha, wakati kwenye grinikadi limekaa zima. Muuzaji akanitazama kama nimeiba jina. Na kitu kilichoniudhi zaidi: maelezo yote alikuwa anampa baba watoto, ambaye alinisindikiza tu na hata kushika bunduki hataki. Mimi nauliza, anamjibu yeye. Nikatoka, nikaenda duka jingine. Huko nako ukaguzi ukacheleweshwa, nikaambiwa nisubiri. Sheria inawapa siku tatu za kazi kabla muuzaji hajaruhusiwa kukukabidhi bila jibu, na wengine hata zikipita hawakukabidhi, ni haki yao. Ukikutana na hilo usigombane na mtu wa kaunta. Subiri.

Na ninyi mlioko kule kwa viza ya masomo au ya matembezi, tafadhalini sana. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki, ni kosa la serikali kuu. Upo mlango kwa mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usiingie mlango huo kwa kusikia kwangu. Kaa na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Msidanganyike na video ya mtu ukafukuzwa nchi.

Bei mnaitaka, nawaambia. Mpya ya leva kutoka kampuni za Marlin au Henry, jiandae na dola 1,000 au zaidi. Marlin siku hizi ni mali ya Ruger, waliinunua mwaka 2020. Henry yenye mwili wa shaba ni nzuri machoni, ila ina karibu kilo 4, na msituni unabeba wewe. Nilichagua nyepesi isiyong'aa.

Vya kulengea. Bunduki nyingi za leva zinakuja na kijiti mbele na chuma chenye mkato nyuma, katikati ya mtutu. Kijana wa miaka ishirini vitamtosha. Jicho likishavuka arobaini haliwezi kuona mkato, kijiti na mnyama kwa pamoja. Kimoja kinakuwa ukungu. Mimi nilitoa ule mkato nikafunga tundu la kuchungulia, kichuma chenye tundu la mviringo kinachokaa nyuma kabisa karibu na jicho. Hapo hulihangaikii tundu, unatazama ndani yake tu, unaweka kijiti juu ya mnyama, jicho lenyewe linatafuta katikati. Na tundu dogo linafunguliwa kwa skrubu; alfajiri nalitoa nabaki na lile pana, mwanga unaingia. Ohio unaruhusiwa kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na mwishoni mwa Novemba saa hiyo ni giza kwelikweli.

Darubini pia ni halali na wengi wanafunga. Ukitaka, chukua ndogo, ya kukuza mara 1 mpaka 4, au 2 mpaka 7. Lile lidubwana la mara 3 mpaka 9 lenye kioo kipana linakaa juu mno, shavu linaning'inia. Na ukinunua Winchester 94, ndiyo ileile 1894, ya zamani, kabla ya miaka ya themanini, kumbuka ganda lake linarukia juu, darubini itakuwa njiani. Marlin linatokea ubavuni, juu pamefunikwa.

Sasa watu wangu wa Muheza na Handeni. Nawaelewa, nimefika shambani kwa mjomba nimeona jinsi nguruwe walivyofukua. Lakini siwezi kumletea mtu bunduki. Kutoa silaha Marekani kunataka kibali cha kule, kuiingiza hapa kunataka kibali cha hapa, na tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki unaanzia polisi. Hata mwenye gobore la babu, liwe limesajiliwa. Na kupiga mnyamapori bila leseni ni kesi nyingine chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mpitieni mtendaji wa kijiji mfike kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mkiwa wengi, na picha za mashamba yalivyoharibiwa.

Na wa Columbus, mwenye uraia au grinikadi anayetaka kujaribu .44 kabla hajatoa hela yake, aniandikie. Nikirudi tutakwenda uwanja wa shabaha pamoja, bunduki yangu, risasi aje na zake.