Mtamba Amekonda, Homoni Imejaa

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Mimi Rehema, niko na kaka Baraka. Kaka, hebu anza na yule mtamba wako.

BARAKA: Dada, ananinyima usingizi. Ana miezi 18, mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni. Ukimpitishia kiganja mgongoni unakutana na mfupa mtupu. Kiangazi chote amekula mabua ya mahindi. Jirani ananiambia hana homoni ya kukua, nimtafutie sindano.

REHEMA: Jirani kakosea. Ukimpima damu, huenda ukakuta anayo nyingi kuliko mtamba aliyeshiba.

BARAKA: Nyingi? Na hakui?

REHEMA: Umewahi kuona kichwa cha ng'ombe kikipasuliwa machinjioni?

BARAKA: Mara nyingi tu.

REHEMA: Ubongo ukishatolewa, kwenye sakafu ya fuvu kuna kishimo ndani ya mfupa. Humo kuna kinundu kama haragwe. Hiyo ni tezi ya pituitari, na sehemu yake ya mbele ndiyo inayotengeneza homoni ya ukuaji. Ila haijiamulii. Juu yake iko haipothalamasi, sehemu ya ubongo, na kati yao vinapita vimishipa vya damu vyembamba mno. Kwa njia hiyo haipothalamasi inateremsha homoni mbili: moja inaiambia tezi "toa", ya pili, somatostatini, inaiambia "acha". Kwa kupishana kwao, homoni ya ukuaji hutoka kwa mafungu, inapanda na kushuka.

BARAKA: Kwa hiyo ukipima mara moja...

REHEMA: Unadanganyika. Inabidi kuchukua damu tena na tena kwa saa nyingi.

BARAKA: Hiyo breki iligunduliwaje?

REHEMA: Napenda sana kisa hiki! Timu ya mwanasayansi Roger Guillemin, huko Marekani, ilikuwa inatafuta kichochezi, yaani ile homoni ya "toa", kwenye ubongo wa kondoo. Mwaka 1973 wakapata kinyume chake, somatostatini. Kichochezi chenyewe kikaja kupatikana 1982, tena kwenye uvimbe wa kongosho la binadamu.

BARAKA: Ajabu. Sasa turudi zizini. Homoni ipo, kinachokwama ni nini?

REHEMA: Ini. Homoni ya ukuaji ikilifikia, ini hutoa nyingine iitwayo IGF-1. Hiyo ndiyo inayosukuma mifupa na misuli, na ndiyo inayorudi kichwani kusema "inatosha". Mnyama akikosa chakula, vipokezi kwenye ini, yaani milango inayoipokea homoni, hupungua. Homoni inabisha hodi, hakuna anayeitikia. IGF-1 inashuka, ubongo hausikii "inatosha", breki inalegea, homoni inazidi kumwagika.

BARAKA: Inamwagika bure, basi.

REHEMA: Hapana, kaka, inamwokoa! Inayeyusha mafuta yake ili glukosi, sukari ya damu, kidogo iliyopo itunzwe. Kukua kunasubiri, uhai kwanza. Ng'ombe wa maziwa aliyetoka kuzaa naye hupitia hali hiyohiyo: wiki za mwanzo anakonda, mafuta ya mwilini yanageuka maziwa.

BARAKA: Mama yake alikuwa hivyohivyo! Nikadhani ni ugonjwa. Na sindano je?

REHEMA: Marekani waliiruhusu 1993, kwa ng'ombe wa maziwa. Kanada wakaikataa 1999, wakihofia magonjwa ya kiwele na kuchechemea. Lakini kumchoma mtamba mwenye njaa ni kugonga kwa nguvu zaidi mlango uleule uliofungwa. Anayeufungua ni chakula.

BARAKA: Nimpe nini?

REHEMA: Protini: mashudu ya alizeti, majani ya lukina, na pumba kidogo. Ongeza polepole, tumbo lake lizoee. Na kinyesi kipimwe minyoo kwanza, usije ukalisha minyoo.

BARAKA: Lukina ipo kando ya mfereji, jioni naikata.

REHEMA: Kabla hujaikata, mzungushie utepe wa kupimia kifuani, uandike namba, tuone kama anakua. Rudia kila baada ya wiki mbili, halafu utuletee hapa.