Boksi la Spika ya Gitaa: Mbao, Hewa na Omu

Karibuni, ndugu zangu. Mafundi seremala sogeeni mbele, maana sehemu kubwa ya kazi ya leo ni yenu. Wapiga gitaa, zamu yenu inakuja tukifika kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme.

Tukubaliane kwanza tunajenga nini. Boksi la gitaa si sabufa. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufanya kazi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 75 hivi na hezi 5,000, na uzi mnene kuliko zote ukipigwa wazi hutoa hezi 82. Kwa hiyo hatutafuti mtikisiko wa chini, wala hatuhitaji yale matundu ya hewa yenye hesabu ndefu ya maboksi ya disko. Tunataka hewa ipite pale tulipoamua tu, na mbao isicheze popote.

Mbao, basi. Chukueni plaiwudi ya milimita 18, nusu bodi ya futi 4 kwa 4, na kabla ya kulipa mkague ukingo wake. Ukiona matundu kati ya tabaka, iache dukani: ndani mna kipande kilicholegea, na gitaa likigonga noti yake kitanguruma, nawe hutaweza kukifikia. Chipubodi huvimba kwa unyevu, hasa huku pwani, na skrubu ukiifungua mara mbili tatu haishiki tena. Ile bodi nyeusi ya kumwagia zege ina ngozi laini juu. Gundi haikamati mpaka uikwangue. Mninga unapendeza, lakini fikirieni atakayelibeba boksi usiku baada ya onyesho. Paini iliyokauka vizuri inafaa sana. Fender, kampuni ya Marekani ya gitaa na amplifaya, waliitumia kwenye maboksi yao ya miaka ya 1950.

Vipimo vyetu ni upana 500, kimo 450, kina 280, vyote milimita. Juu na chini: vipande viwili vya 500 kwa 280. Pembeni: viwili vya 414 kwa 280, vikisimama katikati ya hivyo vya kwanza. Ubao wa mbele ni 460 kwa 410. Huo upungufu wa milimita 2 kila upande ni nafasi ya kitambaa, na anayeusahau hulazimika kurudi na randa. Nyuma: viwili vya 464 kwa 130. Kona ni gundi nyeupe na skrubu za milimita 50, moja kila sentimita 10, ukitoboa kwanza kwa drili ya milimita 2.5. Skrubu ikiingia kwenye ukingo wa plaiwudi bila tundu, tabaka hupasuka. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kona kwa kona: kila ulalo uwe karibu 673. Milalo ikizidiana zaidi ya milimita 2, vuta kwa klampu sasa hivi, kesho itakuwa imeshindikana.

Ndani zunguka na vijiti vya 20 kwa 20, milimita 38 kutoka ukingo wa mbele. Ubao wa mbele utaegemea hapo, ukiwa umezama milimita 20, na utafungwa kwa nyuma kwa skrubu za milimita 35. Ndefu kuliko hizo zitatokeza mbele.

Sasa tundu la spika, ambapo kazi nyingi huharibika. Spika nyingi za inchi 12 huhitaji tundu la kipenyo cha 283, na bolti zake hukaa kwenye duara la 297. Pima ya kwako kabla hujakata. Tazameni tofauti hiyo: kutoka ukingo wa tundu hadi katikati ya bolti ni milimita 7 tu. Ukitoboa tundu la bolti la milimita 6, mbao inayobaki ni milimita 4. Jigso ikipotoka kidogo kwenda nje, bolti haina pa kushika. Kata ndani ya mstari, kisha malizia kwa msasa.

Bolti ziwe za milimita 5, urefu 40, zipite kutoka mbele na vichwa vizame kwenye mbao kwa gundi ngumu, kabla ya kuvalisha kitambaa. Hivyo spika itatolewa kwa nyuma siku yoyote bila kubandua kitu. Nati zote kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, ukivuka upande kwa upande. Ukikaza sana fremu hupinda, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, ikaanza kukwaruza. Na bisibisi isikaribie hapo: sumaku huivuta ghafla, ikatoboa karatasi ya spika.

Kitambaa kijaribuni kwa kupuliza. Pumzi isipopita, sauti nyembamba nayo haitapita. Kitenge kimefumwa kwa kubana mno. Gunia jepesi lenye nyuzi wazi ni zuri.

Nyuma tumeacha upenyo wa milimita 154. Sauti ya nyuma ya spika huenda kinyume na ya mbele, na zile nzito huzunguka zikafutana, kwa hiyo besi hupungua. Lakini mpiga ngoma na wenzake jukwaani wanasikia, na kwa dansi, ambako solo na ridhimu hujibizana, mimi napendelea hivi. Anayetaka kishindo azibe nyuma yote kwa kipande cha 464 kwa 414. Atapata lita 43 hivi. Aweke ukanda wa sponji ukingoni, maana hewa ikitoroka hupiga mluzi.

Wapiga gitaa, omu. Spika ya omu 8 kwenye mita husoma 6 hadi 7, haijaharibika. Mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni 4, kwa mfululizo ni 16. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo, ipe omu zilizoandikwa nyuma yake, na usiiwashe kamwe bila spika, utaunguza transfoma ya kutolea sauti. Ya transista isishushwe chini ya namba yake. Wati za spika zizidi za amplifaya, ikiwezekana mara mbili. Waya uwe wa milimita mraba 1.5, kebo ya gitaa ni nyembamba mno kwa mkondo huu.

Mkimaliza, pigeni noti moja moja polepole kutoka uzi mnene kwenda juu. Mkisikia mkwaruzo, mmoja aendelee na noti hiyohiyo, mwingine abonyeze kwa kiganja: mpini, bamba la jeki (tundu la kuchomekea waya), mbao za nyuma, kisha aone kama waya unagusa karatasi ya spika. Mkwaruzo ukibaki hata spika ikiwa nje, mezani, boksi halina kosa, ni koili.