Jamin: Neno la Mahakamani Linalowaweka Maskini Ndani

Ndugu zangu, habari za jioni. Wanaonifahamu wanajua nimekuja na hoja yangu ile ile, kwamba anayepewa dhamana aelezwe kwa lugha yake ni dhamana ya namna gani, na nitaendelea nayo hadi isikike.

Kiingereza cha mahakamani kina neno bail. Kigujarati, lugha ya jimbo la Gujarat huko India, kinalitafsiri kwa neno jamin, a ya kwanza ikivutwa. Lilipitia Kiajemi, lakini chimbuko lake ni Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa sisi dhamana na mdhamini. Kwa hiyo anayeniuliza mtu wa Dar es Salaam Kigujarati kinamhusu nini, jibu ndilo hilo. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kwa mujibu wa sheria, basi tuangalie wenzetu wanaoendesha mashauri kwa lugha yao miaka yote hii wamejikwaa wapi.

Wamejikwaa hapa. Jamin ni mambo mawili kwa mpigo. Ni kule kuachiwa kwenyewe, na pia ni yule mtu anayesimama kukudhamini. Sisi tumevitenga: dhamana ni jambo, mdhamini ni mtu. Sasa mfikirieni mama aliyekaa nje ya mahakama ya wilaya huko Dahod, Gujarat. Wakili anatoka, anamwambia mwanao amepata jamin. Mama anamshukuru Mungu, anarudi nyumbani, anapika. Usiku unaingia, mtoto haonekani. Kesho yake akienda kuuliza anaambiwa, lete jamin. Si mlisema ameshapata? Amepata, ndiyo, lakini ile ya hakimu. Ya pili anatakiwa kuitafuta yeye: mtu mwenye mali, mwenye ile karatasi ya shamba wanayoiita sat-bar, yaani saba na kumi na mbili, namba za fomu za daftari la ardhi. Na ardhi yenyewe kwa Kigujarati ni jamin, ila a ya kwanza ni fupi. Asiye na jamin ya kulima ataipata wapi jamin ya kutoka gerezani?

Najua kuna mwanasheria hapa anataka kuniambia hilo ni suala la lugha tu, sheria iko wazi. Ilikuwa wazi wapi? Sheria ya mwenendo wa jinai ya India ya mwaka 1973 haikutoa maana ya neno bail. Ilitaja makosa yenye dhamana na yasiyo nayo, neno lenyewe ikaliacha. Maana ilikuja kuandikwa kwenye sheria mpya, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Miaka yote hiyo katikati, pengo lilizibwa na mazoea, na mazoea yalisema hakuna jamin bila mtu mwenye mali.

Naomba mnivumilie niwape kesi ya Moti Ram, hata kama kuna aliyewahi kunisikia nikiisimulia. Huyu alikuwa fundi mwashi, maskini, kule Madhya Pradesh. Mahakama ya Juu ya India ilikwisha kuamuru aachiwe kwa dhamana itakayomridhisha hakimu. Hakimu akataka rupia 10,000 na mdhamini. Ndugu wa Moti Ram akajitokeza kumdhamini. Akakataliwa! Kosa lake? Mali yake ilikuwa wilaya nyingine. Amri ya mahakama ya juu kabisa nchini ipo mezani, na mtu bado yuko ndani kwa sababu ya mpaka wa wilaya. Shauri likarudi Delhi mwaka 1978, mbele ya Jaji Krishna Iyer, naye akauliza swali ambalo kila hakimu angepaswa kuliweka mezani kwake: Mmalayali au Mtamil, watu wa kusini mwa India, akikamatwa Chandni Chowk, huko Delhi, atampata wapi mdhamini mwenye mali huko? Mahakama ikasema bail ni pana, inamhusu pia anayeachiwa kwa ahadi yake mwenyewe, awe na wadhamini au asiwe nao. Moti Ram akaamriwa aachiwe kwa ahadi yake ya rupia 1,000.

Na kinachonikera zaidi, Kigujarati hakikukosa neno la ahadi hiyo. Kinalo: jat muchalko, hati ya mtu mwenyewe. Sheria mpya nayo imezitenga hati mbili, yenye mdhamini na isiyo naye. Basi wakili amwambie yule mama ni ipi! Amwambie siku ile ile, kabla hajaondoka mahakamani.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Bin-jaminpatra, kosa lisilo na dhamana: watu wa Gujarat wengi wakilisikia wanakata tamaa, kumbe maana yake ni kwamba dhamana si haki ya moja kwa moja, lakini mahakama inaweza kuitoa. Msilichanganye na letu. Kwetu, kwa kosa kama mauaji, mahakama yenyewe imezuiwa. Agotara jamin, dhamana ya kabla ya kukamatwa, mtaniuliza kwenye maswali.

La mwisho. Mahakama Kuu ya Gujarat, pale Ahmedabad, inaendeshwa kwa Kiingereza, kwa ibara ya 348 ya katiba. Ombi lililoanza wilayani kwa Kigujarati linarudi na amri ya Kiingereza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliagiza nakala ya amri ya dhamana itumwe gerezani kwa barua pepe siku hiyo hiyo au kesho yake, na ikaeleza kuwa kung'ang'ania mdhamini wa hapo hapo ni mojawapo ya sababu za watu kucheleweshwa. Ni agizo zuri. Ninachodai ni kwamba mkuu wa gereza akiipokea, amweleze mfungwa kwa Kigujarati mambo mawili: ni jat muchalko au ni mdhamini, na kama ni mdhamini, awe wa wapi na mwenye nini. Karibuni kwa maswali.