Gari Lachemsha Uwanjani Tu: Maji Yanaenda Wapi?

MWANAHAMISI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Mimi Mwanahamisi, niko na Fundi Omari kama kawaida. Fundi, shikamoo.

OMARI: Marahaba, dada. Habari za gari?

MWANAHAMISI: Gari limepona, ndiyo maana leo naweza kulizungumzia. Wasikilizaji, ni Subaru Impreza, injini EJ25 ya tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Lilinitesa miezi mitano. Mjini halina neno: foleni ya Mombasa Road hapa Nairobi, jua la saa saba mchana, sindano ya joto imetulia pale pale. Nikilipeleka uwanja wa mbio, mzunguko wa nne sindano inaanza kupanda. Nikitoka na kufungua boneti, chupa ya akiba imejaa hadi inamwagika, na kwenye rejeta kulanti, yale maji ya kupozea injini, imepungua.

OMARI: Na chini ya gari?

MWANAHAMISI: Pakavu. Hakuna hata tone moja.

OMARI: Basi hapo mafundi kumi watakwambia neno moja.

MWANAHAMISI: Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Na gereji niliyolipeleka ndiyo waliyoniambia, kabla hata hawajagusa chochote. Injini ikashushwa, hedi zikachongwa, gasketi zikawekwa mpya pande zote mbili. Nikalipa. Nikarudi uwanjani, mzunguko wa nne, sindano ile ile.

OMARI: Pole sana, dada. Nataka nimtetee kidogo yule fundi, halafu nimlaumu. Namtetea kwa sababu EJ25 ina historia. Tundu la silinda yake lina upana wa milimita 99.5, wakati la EJ20, injini ndogo zaidi ya Subaru, ni milimita 92. Silinda zimetanuliwa, kwa hiyo chuma kilichobaki kati ya silinda na silinda ni chembamba, na gasketi ina mahali padogo pa kushika. Ukiongeza presha ya tabo na joto la uwanjani, gasketi kushindwa si jambo la ajabu. Lakini namlaumu kwa sababu alikisia, na kukisia kwake kulimaanisha kushusha injini. Kuna kipimo cha dakika kumi ambacho kingemwonyesha kama yuko sawa.

MWANAHAMISI: Kile cha maji ya buluu.

OMARI: Hicho. Ni kichupa unachokiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, unavuta hewa iliyo juu ya kulanti ipite ndani ya dawa ya buluu. Kama gesi ya silinda inapenya kwenye njia za maji, kaboni dayoksaidi inaigeuza dawa kuwa ya manjano. Tulipopima gari lako ilibaki buluu.

MWANAHAMISI: Lakini gasketi zilikuwa mpya wakati huo.

OMARI: Kweli, kwa hiyo hatutajua kama zile za zamani zilikuwa nzima. Tunachojua ni kwamba ugonjwa haukuwa pale, maana gasketi mpya hazikuuponya. Na kuna tahadhari: kwenye gari la tabo usipime injini ikiwa imetulia tu halafu ukasema ni salama. Kuna gasketi inayofunguka tabo inaposukuma tu. Kamata gari, lipandishe mlima kwa nguvu, rudi, acha lipoe mpaka kifuniko kifunguke bila hatari, ndipo upime. Dalili nyingine ni ya asubuhi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo si ya joto. Inatoka silindani.

MWANAHAMISI: Wangu ulikuwa laini.

OMARI: Ulikuwa laini. Ndipo nikakuuliza swali ambalo wenye magari hawalipendi. Si "linavuja wapi," bali "linavuja saa ngapi."

MWANAHAMISI: Nikakujibu likiwa moto.

OMARI: Kuna moto na moto. Kuna mvujo unaotokea gari likiwa baridi, mpira umesinyaa na klipu imelegea, halafu ukipata joto unajiziba. Kuna unaotokea wakati tabo inasukuma. Kuna unaotokea ukishazima gari: wota pampu imesimama, lakini chuma kina joto, basi maji yaliyokwama kwenye hedi yanazidi kupanda joto. Na kuna unaotokea ukiwa kwenye mwendo, rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ziko juu, kila kitu kinatetemeka, injini inayumba kwenye maunti, vile vishikizo vyake, na kuvuta mipira. Kila mmoja una mahali pake pa kutafutwa.

MWANAHAMISI: Hebu tueleze habari ya presha, kwa sababu hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mimi nilidhani kifuniko cha rejeta kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike.

OMARI: Kifuniko ndicho kinachoyazuia maji yasichemke. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chungu chako kikiwa wazi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule kwenu Mombasa. Sasa weka kifuniko kinachoshikilia presha ya bar 1.1. Maji matupu yatastahimili mpaka karibu nyuzi 119 hapa, na 122 pwani. Ukichanganya na glikoli, ile dawa inayotiwa kwenye kulanti, unapata nyuzi zaidi. Gari la mbio linafanya kazi kwenye nafasi hiyo. Likifika nyuzi 105 uwanjani, kama presha ipo, hakuna shida. Presha ikitoroka kwenye tundu la ukubwa wa sindano, nyuzi 105 tayari ni mchemko. Mvuke unahitaji nafasi kubwa kuliko maji, basi unayasukuma maji yaende kwenye chupa.

MWANAHAMISI: Na mimi nikiona chupa imejaa, naambiwa gasketi.

OMARI: Kwa macho, gasketi iliyokufa na presha inayotoroka zinafanana kabisa. Zote mbili zinajaza chupa.

MWANAHAMISI: Waeleze tulivyolipata tundu.

OMARI: Siku ya kwanza nilifunga pampu ya kupimia presha kwenye injini baridi. Nikapandisha mpaka bar 1.1, nisizidi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Nikaacha dakika ishirini. Geji haikusogea. Kifuniko nacho nikakipima peke yake, kizima. Fundi mwenye haraka angesema hakuna mvujo.

MWANAHAMISI: Nami nikakata tamaa siku ile, nasema kweli.

OMARI: Nakumbuka. Tulitoka na gari tukaliendesha kwa nguvu nusu saa, tukarudi, tukasubiri joto lishuke kidogo. Kisha kitambaa kinene, glavu, uso pembeni, kifuniko robo mzunguko kipumue kwanza. Wasikilizaji, hapo msiharakishe, nimeona mkono wa kijana ulioungua. Nikafunga pampu tena wakati chuma bado kina joto. Safari hii geji ikashuka taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

MWANAHAMISI: Tukazima taa za gereji, ukachukua kurunzi na kioo kidogo cha daktari wa meno.

OMARI: Kwa sababu rejeta yako ilikuwa ile ya kiwandani: katikati aluminiamu, juu na chini plastiki, na plastiki imekunjiwa meno ya aluminiamu juu ya raba. Plastiki ikizeeka inapasuka pale kwenye mkunjo. Ikiwa baridi ufa unafumba. Ikipata joto na presha unafumbua. Ufa wako ulikuwa upande wa nyuma, umefichwa na fremu ya feni. Maji yakitoka yanapeperushwa na upepo yanakauka kabla ya kufika chini. Yaliyobaki ni alama nyeupe yenye ukingo wa kijani, kama chumvi kwenye kanzu ya mvuvi.

MWANAHAMISI: Nilikuwa nimeiona alama hiyo. Niliiosha. Nilikuwa naosha injini kila baada ya mbio ili ipendeze.

OMARI: Ukawa unaosha ushahidi. Siku hizi nawaambia wateja: kabla ya kupiga maji, piga picha.

MWANAHAMISI: Ufa ungekuwa kwingine, ungetafuta wapi kwenye injini hii?

OMARI: Wota pampu kwanza, kwa sababu inazungushwa na mkanda wa taimingi na imejificha nyuma ya kava. Ina kitundu cha kutolea jasho sili ikichoka, na ukiona kulanti inadondoka mbele katikati ya injini, usiendeshe zaidi, maana ule mkanda ukiloa ukakatika, vali zinakutana na pistoni. Kisha mipira midogo: ya kwenye tabo, inayookwa na joto la ekzosi, na ya kipoza oili pale kwenye filta. Ukinusa utamu wa kulanti ndani ya gari, kioo kinajaa ukungu na zulia la abiria limelowa, ni rejeta ndogo ya hita. Na kwenye Subaru za tabo kuna vifuniko viwili, kimoja cha rejeta, kingine cha tangi dogo juu ya injini. Havilingani. Watu wanavibadilishana wakati wa kuosha, halafu wanatafuta mvujo ambao haupo.

MWANAHAMISI: Swali langu la mwisho. Waandaaji wengi wa mbio hawataki glikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza na ni shida kusafisha. Niendeshe na maji matupu?

OMARI: Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuongezea betri, si asidi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli, hilo ni faida. Lakini maji ya bomba peke yake yataila aluminiamu yako. Na mchemko unakuja mapema, kwa hiyo presha yako iwe haina doa.

MWANAHAMISI: Nimebandika daftari ndani ya boneti. Kabla ya kila zamu ya uwanjani naandika usawa wa chupa, injini baridi. Baada ya zamu ikipoa naandika tena, na kiasi nilichoongeza kwa mililita.

OMARI: Jumamosi iliyopita uliandika ngapi?

MWANAHAMISI: Zamu nne. Sufuri, sufuri, sufuri, halafu mililita hamsini.

OMARI: Hamsini si nyingi, huenda ni hewa iliyokuwa imebaki ikitoka baada ya kubadilisha rejeta. Lakini Jumatatu niletee, tupandishe pua ya gari, tutoe hewa vizuri, na nipime tena likiwa moto.

MWANAHAMISI: Nitakuja asubuhi. Wasikilizaji, tutawaambia tulichokuta. Kwaherini.

OMARI: Kwaherini.