Kipindi cha 41: Mangi Mtegemezi

UPENDO: Haya, tumerudi, tuko Moshi kama kawaida. Niko na mangi wenu, ila kuanzia leo sijui nimwite mangi au mtegemezi.

ELI: Umeanza.

UPENDO: Waambie ya Jumamosi.

ELI: Aisee. Mnajua mke wangu, Mama Glory, amepata ile kazi ya unesi Leeds, Uingereza. Wiki hii nikawa najaza fomu za viza, yangu na ya mtoto. Yeye ndiye mwajiriwa, sisi wawili tunaingia kama wategemezi wake. Fomu inataka tarehe za kuzaliwa za wazazi, na ya marehemu baba siikumbuki. Nikaprinti, nikapanda nayo Marangu kwa mama.

UPENDO: Kosa la kwanza.

ELI: Baba mdogo yupo pale, ana kata yake ya pombe ya mbege. Akafuta miwani kwa pindo la koti, akaweka kidole chini ya neno. “Hili kwa Kiswahili ni nini?” Nikamwambia, mtegemezi. “Wa nani?” Wa Mama Glory. Akaiweka kata chini. Polepole.

UPENDO: (anacheka) Mungu wangu.

ELI: Dakika kumi nyingi, kimekuwa kikao. Shangazi yuko Rombo, anapigiwa simu, anawekwa spika. Kihamba, shamba letu la ukoo, ataangalia nani? Halafu baba mdogo akatoa hoja: “Mahari tulitoa sisi. Sasa mbona yeye ndiye anayekuchukua wewe?”

UPENDO: Jamani, hoja ina mashiko! Mbuzi wenu warudi.

ELI: Shangazi naye akauliza hivyo hivyo.

UPENDO: Ulijibuje?

ELI: Nilinyamaza. Mtegemezi ana sauti gani kwenye kikao?

UPENDO: Ngoja nicheke kwanza, halafu turudi kwenye mada. Baba Glory, wewe una bahati na hujui. Mwenzi wa nesi kule anaruhusiwa kufanya kazi. Mimi nilimfuata Baba Ian Marekani alipokwenda kusoma, nikapewa F-2, viza ya mwenzi wa mwanafunzi. Kazi hairuhusiwi, hata ya kukata majani. Wakili mzima, miaka miwili napika chapati. Jirani yetu mumewe alikuwa na J-1, viza ya programu za kubadilishana, yeye na J-2 yake ya mwenzi aliruhusiwa kuomba kibali cha kazi, akakipata. Tulikuwa tunaishi ngazi moja! Hatukuwahi kujua kwamba hilo ni la kuulizia kabla ya kuondoka.

ELI: Na si huko tu. Hata hapa kwetu, mgeni mwenye hati ya mtegemezi hafanyi kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe.

UPENDO: Kwa hiyo wewe ukifika, wiki ya kwanza, shika chochote. Ghala, usafi, kulea wazee.

ELI: Hapo hapana.

UPENDO: Hapana nini?

ELI: Dada, nina CPA, mimi ni mhasibu kamili. Nikianza kupanga maboksi, mwajiri akisoma wasifu wangu anaona mpanga maboksi. Na shifti za usiku, nitasoma saa ngapi? ACCA, ile sifa ya uhasibu ya kule, ina mitihani 13. Nitaomba wanisamehe baadhi, lakini si yote. Bora miezi sita nikae nyumbani, nisome, nitafute uhasibu.

UPENDO: Na pengo kwenye wasifu?

ELI: Pengo linaelezeka.

UPENDO: Mimi nililieleza langu. Kila ofisi niliyoingia Arusha. Walinisikiliza kwa heshima kabisa, wakanipa na chai.

ELI: Wewe ulikatazwa. Mimi naruhusiwa. Ni vitu viwili.

UPENDO: Ndiyo maana nakasirika! Umepewa ruhusa ambayo mimi niliililia, unataka kuikalia.

ELI: Siikalii. Nachagua.

UPENDO: Unachagua kwa mshahara wa Mama Glory.

ELI: ...Hiyo umeipiga chini ya mkanda.

UPENDO: Sawa, lakini siifuti.

ELI: Na mimi ghalani siendi.

(Kimya. Mlango unagongwa.)

UPENDO: Kwaya hao. Wanataka chumba chao.

ELI: Tuna dakika ngapi?

UPENDO: Hatuna. Nilikuwa na mambo matatu nimeyaandika hapa. Kupeleka vyeti UK ENIC wavilinganishe na vya kwao, barua za waajiri wa zamani... la tatu mwandiko wangu mwenyewe sijui ni nini.

ELI: Ile namba ya kumpa mwajiri aingie mtandaoni ahakikishe unaruhusiwa kufanya kazi.

UPENDO: Hiyo! Wiki ijayo.

ELI: Wiki ijayo ulisema ni pikipiki.

UPENDO: Basi tutaona. Tunakuja, mwalimu, tunatoa nyaya! Eli, na mahari iliishaje?

ELI: Haijaisha. Kikao cha pili Jumamosi. Mama Glory ameitwa.

UPENDO: Wewe je?

ELI: Mimi nimeambiwa nipeleke soda.