Pikipiki peke yako, Lushoto mpaka Pangani: ukishakaza cheni rudi kwenye breki ya nyuma

Haya wadau karibuni, leo tuko Mombo, na barabara ile inayoacha lami kuu kuelekea milimani ndio ya Lushoto, kilomita 33 hivi lakini mnapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona. Nalala huko juu, kesho nashuka, napita Korogwe, Segera, Muheza, Tanga mjini, namalizia Pangani baharini. Peke yangu, na pikipiki ni hii Boxer 150 ya kawaida kabisa, kwaiyo asikwambie mtu mpaka uwe na pikipiki kubwa.

Oili, taa, honi, upepo wa matairi mnajua wenyewe, angalia twende.

Mzigo. Vizito viwe chini na karibu na mgongo wako, vyepesi juu. Nafunga na mikanda hii ya mpira wa tyubu, naikata mwenyewe na nauza, nipo Tanga, anayetaka aandike hapo chini. Naipenda kuliko kamba ya katani japo katani ndio ya kwetu, kwa sababu mpira unavutika, mzigo ukicheza unaurudisha. Ncha zote zinazobaki zichomeke ndani, ncha ikining'inia ikanaswa na sproketi, ile gurudumu ya meno inayovutwa na cheni, tairi la nyuma linaganda ukiwa kwenye mwendo. Na zisiguse ekzosi.

Sasa njooni karibu hapa, hii ndio sababu ya video yote. Cheni.

Simamisha kwenye stendi kubwa, injini imezimwa, gia iwe frii. Toa kile kiraba kwenye kifuniko cha cheni uione. Zungusha tairi kwa mkono polepole huku unaigusa cheni, vidole mbali na meno tafadhali. Utaona kuna sehemu imelegea na sehemu imekaza, cheni haichakai sawasawa, sasa wewe unapima pale ilipokaza zaidi. Iwe inacheza juu na chini sentimita mbili mpaka tatu hivi, kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti fuata kitabu. Ukipima pale ilipolegea ukakaza, ikifika sehemu yake ngumu inavuta beringi na sproketi, na ukikalia na mzigo juu inazidi kukaza.

Toa pini, legeza nati kubwa ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi la nyuma, alafu nati za kukazia cheni, robo mzunguko kulia, robo kushoto, kulia, kushoto, usimalize upande mmoja kwanza... subiri, subiri, sogeza kamera. Mnaona hizi alama za kupimia pembeni ya ekseli? Kulia alama iko ya tatu, kushoto iko ya nne. Fundi aliyeishika kabla kaiacha hivyo, tairi limekaa kiupande. Hii kwenye kona za Soni, mji mdogo njiani kabla ya Lushoto, pikipiki inakuvuta bila wewe kujua kwanini. Kwaiyo narudisha kushoto... taratibu... gonga tairi kwa mbele lirudi... sasa zote ya tatu na nusu. Kaza ekseli, pima cheni tena maana ukikaza ekseli kipimo kinahama, rudisha pini.

Wengi wanaishia hapa wanawasha wanaondoka. Msiondoke!

Ukivuta tairi nyuma, breki ya nyuma imejikaza yenyewe. Hii ni breki ya ngoma, kile chuma kirefu kinatoka kwenye pedali mpaka kwenye mkono wa breki, hakirefuki, tairi likirudi nyuma na mkono unavutwa. Hujagusa pedali lakini viatu vya breki vinasugua ndani. Kwenye mtelemko wa Lushoto ngoma inachemka, na ngoma ikichemka breki inapoteza nguvu, unakanyaga haishiki, na kona iko mbele. Kwaiyo nati hii ya mwisho wa chuma, ilegeze kidogo kidogo mpaka pedali iwe na nafasi kabla ya kushika. Zungusha tairi kwa mkono. Sikilizeni... shwiii... bado inasugua. Nalegeza tena. Sasa inazunguka huru. Kanyaga, tairi lisimame. Achia, lizunguke. Na taa ya breki iwake unapokanyaga tu, isiwe inawaka muda wote.

Narudia kwa aliyeruka mbele: cheni, ekseli, breki ya nyuma. Kila ukigusa cheni, breki ya nyuma.

Tunapanda sasa. Honi kila kona isiyoonekana, magari ya mboga yanashuka yamejaa na barabara ni nyembamba. Soni nasimama kidogo, maporomoko yako hapo karibu na barabara, na kuna wauza matunda, msimu wake ukifika peasi na plamsi za huku sijaonja mfano. Jioni Irente, jirani na Lushoto, ukingoni unaona tambarare yote kule chini. Mwezi wa sita na wa saba beba koti zito, baridi ya Lushoto sio ya masihara.

Asubuhi, kushuka. Ukungu huu, samahani lenzi inalowa... gia uliyopandia kona ndio ushukie, usiweke frii kubana mafuta, USIWEKE FRII, injini ndio breki yako ya kwanza. Soni simama tena, sogeza kiganja karibu na ngoma ya nyuma bila kugusa. Joto kiasi ni kawaida, ikiwa inatoa harufu ya kuungua pumzisha hapo hapo, alafu legeza ile nati ya breki. Ukiwa peke yako hakuna wa nyuma wa kukwambia unafuka moshi.

Korogwe mpaka Muheza ni lami tu, mkonge, machungwa, twende. Tanga jaza mafuta, kula, kama una nafasi mapango ya Amboni yako hapo jirani.

Kuelekea Pangani kuna kama kilomita 50, upepo wa bahari unakupiga ubavuni na mchanga unakaa pembeni ya barabara, usikate kona kwa ndani. Ukifika, kabla hujatafuta samaki, mwagia pikipiki maji baridi ya bomba, chumvi inakula cheni usiku mmoja tu. Ikauke, weka oili upande wa ndani wa cheni huku unazungusha tairi. Na kama cheni imelegea ukaikaza hapo Pangani, mnajua nasema nini: breki ya nyuma.