Jinsi ya Kutambua Mtengenezaji na Asili ya Vipuri vya Randa Kuukuu

Karibuni, ndugu watazamaji. Video hii ni ya mafundi seremala na wapenzi wa zana za mkono wanaonunua randa kuukuu kwa wauza vyuma chakavu hapa Mombasa. Randa hizi zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi aliyevunjikiwa na kipuri alitia kingine alichokipata. Kwa hiyo jina lililo kwenye kisu halithibitishi hata kidogo kwamba mwili wa randa umetoka kiwanda hicho hicho. Ndiyo sababu leo tutaifungua randa yote na kukichunguza kila kipande peke yake.

Kwanza legezeni kibanio cha juu, toeni kisu pamoja na bamba linalofungwa juu yake, kisha fungueni skrubu zinazoshika kitako cha chuma ambacho kisu hukilalia. Vyuma vyetu vya pwani hushika kutu upesi, lakini nawasihi msitie grainda wala msasa mkali mahali popote panapoweza kuwa na maandishi, kwa sababu chapa nyingi hazina kina na zikishafutwa hazirudi. Vilazeni vipande ndani ya mafuta ya taa hadi kesho yake, kisha visugueni kwa kitambaa na mswaki wa zamani.

Kisu kikikauka, kipakeni chaki nyeupe, halafu pangusieni juu kwa kidole ili unga ubaki ndani ya herufi tu, na mmulike tochi kutoka ubavuni. Tazameni hiki nilichoshika: kabla ya chaki zilionekana herufi EFF pekee, na sasa neno zima la SHEFFIELD linasomeka, na juu yake maneno CAST STEEL. Hapo ndipo wengi hupotoka. CAST STEEL si jina la kiwanda. Ni aina ya chuma cha pua kilichoyeyushwa katika vyungu vya udongo, kwa njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740, na viwanda vingi viliyagonga maneno hayo kwenye visu na patasi zao. Vivyo hivyo WARRANTED SUPERIOR, inayoonekana kwenye kifungo cha shaba cha mpini wa msumeno, ni sifa ya bidhaa na haitaji aliyeitengeneza.

Sasa tuugeukie mwili, ambao kwangu ndio shahidi mwenye kuaminika zaidi, kwa kuwa maandishi yake yalimiminwa pamoja na chuma chenyewe. Randa za Stanley za Marekani, zilizotengenezwa New Britain katika jimbo la Connecticut, huwa na neno BAILEY puani kuanzia mwaka 1902. Mkikuta nyuma ya kitako tarehe tatu za hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, zisomeni kwa utaratibu wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku: ya mwisho ni tarehe 19 Aprili 1910, basi mwili huo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Kibanio cha Stanley chenye tundu la umbo la figo ni cha mwaka 1933 au baada yake, kwa hiyo kikikaa juu ya mwili wenye tarehe hizo tatu, kimetoka kwenye randa nyingine.

Nambari ikitanguliwa na sifuri, kama 04 au 05, mtazameni Record, chapa ya kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, iliyoanza kutengeneza randa za namna hii mwaka 1931 kwa kufuata muundo wa Stanley, na ndiyo maana vipuri vya hizi mbili huchanganywa kwa urahisi. Msishangae pia kuona STANLEY pamoja na MADE IN ENGLAND, kwani Stanley nayo ilianza kutengeneza zana Sheffield katika miaka ya 1930.

Herufi E.A.R.&H. zilizogongwa kwa nyundo ni za mwenye mali, yaani Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Hazisemi kiwanda, ila ni historia yetu, nami naomba msizifute.

Mwisho, pimeni hesi za skrubu ya mpini kwa kuilaza kando ya rula. Stanley ya Marekani ina meno 20 kwa kila inchi, yaani 10 katika nusu inchi. Skrubu ya milimita kutoka dukani inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu kisha ikakwama. Mkiilazimisha itakula hesi za mwili, kwa hiyo itoeni polepole na mtafute ya inchi.